Hakuna anayetozwa mvua, unatozwa zege lako

Kila baada ya muda mtandaoni inaibuka ile stori ya "kodi ya mvua". Mji fulani umetangaza kwamba wenye viwanja watalipia maji ya mvua yanayotoka kwao, basi watu wanaanza, mara kesho watatutoza hewa, mara mbona jua hawalitozi, meme zinaruka, na ndani ya siku mbili jambo zima limeshakuwa kichekesho. Mwaka 2024 ilikuwa zamu ya Toronto kule Kanada. Mji ulikuwa unakusanya maoni kuhusu tozo ya maji ya mvua, habari ikavuka mipaka kwamba Kanada sasa wanatoza mvua, zogo likawa zito mpaka mji ukasimamisha zoezi. Tarehe 16 Julai mwaka huohuo ikanyesha karibu milimita 100 ndani ya masaa machache, barabara kuu moja ikageuka mto na maji yakaingia mpaka stesheni kuu ya treni. Sisemi tozo ingezuia yale mafuriko, isingezuia, mitaro haijengwi kwa miezi mitatu. Ila mimi naona tumecheka kitu ambacho hatujakisoma. Ile tozo haiangalii mvua, inaangalia paa, lami na zege, yani sehemu zote za kiwanja chako ambazo maji hayawezi kuzama. Na kwa mwenye biashara au anayesimamia jengo kubwa nathubutu kusema ndo bili ya maji ya haki kuliko zote anazoletewa, tena ndo inayomlazimisha aone kitu ambacho wengi wetu tumekitenganisha bila sababu, kwamba maji anayoyanunua kwa mita na maji anayoyafukuza kwenye mtaro ni jambo moja.

Tuanze na hesabu maana bila hesabu hii mada inabaki kelele. Milimita 1 ya mvua ikianguka kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, basi, hakuna fomula nyingine ya siri. Sasa chukua paking ya mita za mraba 5,000, ambayo kwa duka kubwa au godauni si kubwa hata, ipige mvua ya milimita 20, ile mvua ya jioni tu ambayo keshokutwa hakuna atakayeikumbuka. Hapo una lita 100,000. Maboza 10 ya lita elfu 10 yamemwagwa mlangoni kwako ndani ya lisaa limoja na wewe ulichofanya ni kuyaelekeza kwenye mtaro wa watu wote. Kiwanja hichohicho kingekuwa na miti na udongo laini, maji mengi yangezama, mengine yangebaki kwenye majani yakakauka hukohuko juu, na kilichobaki kingetoka taratibu. Mamlaka ya mazingira ya Marekani inasema kitalu kimoja cha kawaida cha majengo mjini kinatoa maji ya kutiririka zaidi ya mara 5 ukilinganisha na pori la ukubwa uleule. Na tatizo si wingi peke yake, ni ile haraka. Lami inayaachia yote kwa pamoja, jirani yako naye yake yanatoka dakika zilezile, yote yanakimbilia bomba moja ambalo lilichimbwa enzi ambazo nusu ya mji bado vichaka. Kwenye miji mingi ya zamani bomba hilohilo ndo linabeba na maji ya vyooni, kwahiyo likizidiwa linatapikia mtoni, mvua na kinyesi kwa pamoja.

Sasa huo mzigo nani alikuwa anaulipia miaka yote? Sehemu nyingi gharama ya mitaro imefichwa ndani ya bili ya maji ya bomba. Unalipa kufuatana na ulivyotumia, au kufuatana na ukubwa wa mita yako, na humo ndani kuna kipande kinaenda kwenye maji ya mvua. Sikiliza inavyochekesha hiyo. Mji wa Philadelphia kule Marekani, mpaka kabla ya 2010 majengo ya biashara yalikuwa yanalipia maji ya mvua kwa ukubwa wa mita ya maji. Jengo refu lenye watu wengi, paa lake dogo, mita kubwa, lilikuwa linalipa sana, wakati mwenye uwanja wa paking wa wazi ambao hauna hata koki moja alikuwa hana mita kwahiyo halipi kitu, na yeye ndo anayemwaga. Mwaka 2010 wakaanza kuhamisha hesabu kwenye ukubwa wa kiwanja na sehemu ngumu, na ukiweza kushika mvua yako mwenyewe bili inapunguzwa. Mwaka uliofuata wakaanza mpango wa miaka 25 ambao pesa nyingi inaenda kwenye bustani za kunyonya maji, miti na sakafu zinazopitisha maji, badala ya kuzika mabomba makubwa tu. Ujerumani miji mingi ilishagawanya bili muda mrefu, mstari mmoja wa maji taka unaenda na mita, mstari mwingine wa maji ya mvua unaenda na paa na lami. Kule hakuna anayeandika meme, watu wanapima tu wanang'oa zege wasilolihitaji.

Wanaopinga wana hoja na si zote za kutupa. Iliyo dhaifu kuliko zote ndo inayopigiwa makofi zaidi, ile ya mvua ni ya Mungu mnaitozaje. Mvua ni ya Mungu sawa, ila mtaro haukushuka nayo. Umechimbwa, unazibuliwa, unapasuka, unabadilishwa, na ukubwa wake unategemea wewe umezibaziba ardhi kiasi gani. Anayekubali kulipia gari la taka hajawahi kusema ametozwa kodi ya kula. Hoja ya pili, kwamba tunalipishwa mara mbili, hiyo inategemea. Kama mji unaweka tozo mpya na bei ya maji ya bomba inabaki palepale basi mna haki ya kupiga kelele, hapo kweli ni pesa ya juu. Lakini Toronto wazo lilikuwa kuitoa gharama ya mvua ndani ya bei ya maji na kuiweka mstari wake, kipande ambacho meme haikuwa na nafasi ya kukibeba. Kufanya hivyo kunabadilisha mlipaji, mwenye jengo linalotumia maji mengi kwenye kiwanja kidogo anapata nafuu na mwenye lami ya ekari nne anastuka. Wanaostuka ndo wenye sauti kubwa, kila mwamba ngozi huvutia kwake.

Hoja ya tatu mimi inanisumbua kweli. Shule, nyumba za ibada, vituo vya afya vya watu wa kawaida, hawa mara nyingi wana mapaa makubwa na viwanja vikubwa na hela hawana. Ukiwapelekea bili ya zege siku moja bila onyo umewaumiza, na hawana kitengo cha mainjinia wa kuwaandalia maombi ya punguzo. Maryland kule Marekani mwaka 2012 walipitisha sheria ya kulazimisha maeneo yao 10 makubwa yaweke tozo ya aina hii ili kuinusuru ghuba ya Chesapeake na uchafu, ikabatizwa kodi ya mvua hapohapo, ikawa silaha ya uchaguzi, na 2015 ule ulazima ukaondolewa. Mtu akiniambia pale wanasiasa waliharibu nitakubali nusu, nusu nyingine ni kwamba tozo ilifika kwa watu kabla ya maelezo na kabla ya msaada. Punguzo ambalo kulipata lazima uajiri mtaalamu wa kuchora ramani ni punguzo la matajiri. Hapo sina utetezi.

Halafu kuna hoja ya mainjinia, wanasema hivi vibustani na vishimo ni urembo, mvua kubwa ikija havifui dafu. Kwa mvua kubwa kweli wako sahihi. Copenhagen kule Denmark tarehe 2 Julai 2011 ilipigwa na zaidi ya milimita 130 ndani ya muda mfupi, vyumba vya chini ya ardhi vikajaa mji mzima, na hakuna bustani ya mbele ya ofisi ingefanya chochote. Wenyewe walijibu kwa mpango mwingine kabisa, mwaka 2012, wa kufanya barabara na viwanja vya mapumziko vibebe maji juujuu mpaka baharini. Ila mvua za aina ile ni chache. Mvua ndogondogo zinazonyesha mara nyingi kwa mwaka, za milimita 10, 15, 25, miji mingi ndo zinazobeba sehemu kubwa ya maji ya mwaka na ya uchafu, na hizo bustani inazimudu vizuri tu. Kwahiyo huyu injinia anakataa dawa ya malaria kwa sababu haitibu mguu uliovunjika.

Upande wetu sisi tunaounga mkono nao tuna uvivu wetu, na jina lake ni tenki. Ukisema maji ya mvua kwenye mkutano wowote wa wasimamizi wa majengo, mtu atanyoosha mkono aseme tuweke tenki, na kila mtu anatikisa kichwa kukubali, tunaenda kunywa chai. Tenki la kuvuna mvua ni zuri sana. Uwanja wa sumo wa Tokyo unaoitwa Kokugikan unakusanya maji ya paa lake tangu 1985 na kuyatumia kuflashi vyoo, na haina haja yoyote ya kuflashi kwa maji ya kunywa. Lakini fikiria tenki linafanya kazi mbili zinazogombana. Ukitaka likusaidie kiangazi unataka lijae muda wote. Ukitaka lizuie mafuriko unataka liwe tupu mvua inapofika. Tenki lililojaa siku ya mvua kubwa ni pambo, kila tone la juu linatoka kwenye bomba la kufurikia linaingia mtaroni kama vile tenki halipo. Ndo maana wanaojua wanalipangia tenki matumizi ya kila siku, vyoo, mnara wa kupoozea wa mfumo wa viyoyozi, kuosha magari, ili lishuke lenyewe kati ya mvua na mvua, wengine wanaacha sehemu ya juu ya tenki na tundu dogo linalovuja polepole kwa makusudi, wengine wanafunga koki inayosoma utabiri na kumwaga kabla ya mvua. Tenki la kumwagilia bustani peke yake ni kosa la kawaida kabisa, maana wakati wa mvua bustani haihitaji maji na tenki limejaa, kiangazi bustani inayahitaji na tenki limeisha wiki ya kwanza.

Chennai kule India ndo mfano ninaoufikiria nikisikia watu wanapanga ukame na mafuriko kwenye mafaili mawili tofauti. Jimbo lao lililazimisha uvunaji wa mvua kwenye majengo yote 2003. Mwisho wa 2015 mji ukazama kwa mafuriko yaliyoua mamia ya watu. Mwaka 2019 mabwawa makubwa ya mji huohuo yakakauka mpaka maji yakaletwa kwa treni. Miaka minne tu hapo katikati. Sheria ilikuwepo, ila mabwawa madogo ya asili na ardhi oevu iliyokuwa inayapokea maji na kuyashusha chini ilishajengewa, na mabomba mengi ya kuvunia kwenye majumba yalibaki yameziba hakuna anayeyasafisha. Maji yalipokuja hayakupata pa kukaa, na yalipotakiwa yalishaenda baharini.

Kuna kitu wauzaji wa hivi vifaa hawapendi kukitaja, maji yanayotoka kwenye paking si masafi. Yana oili, vumbi la breki, zinki ya mabati, takataka za plastiki. Desemba 2020 watafiti wa jimbo la Washington walitoa jibu la fumbo la miaka mingi, kwa nini samaki aina ya coho wanakufa mvua ikinyesha tu kabla hawajataga. Ilikuwa kemikali inayowekwa kwenye matairi ili yasipasuke, ikikutana na ozoni hewani inageuka kitu kingine, jina lake 6PPD-quinone, na kidogo sana kinatosha kumuua huyo samaki. Tairi. Yani si kiwanda cha sumu, ni magari ya wateja wako. Udongo wa bustani ya kunyonya maji unakamata mengi ya haya vizuri, na hapo ndo thamani yake ilipo zaidi ya mafuriko. Ila hili lina upande wa pili, huwezi kuzamisha kila maji ardhini. Penye pampu za mafuta, pa kumwagia oili, au kwenye udongo wa kiwanda cha zamani ambao una sumu tayari, ukizamisha maji umeisukuma sumu kwenye visima. Sehemu hizo funika kwa paa mvua isiguse, au pitisha kwenye chemba ya kutenganisha mafuta. Mtu anayekuuzia suluhisho moja la kiwanja kizima hajakitembelea kiwanja chako.

Nikirudi ndani ya jengo, kwenye mita. Kuna sehemu niliwahi kusaidia kuangalia bili ambayo ilikuwa inapanda na watu hawajaongezeka. Vikao vilishafanyika, matangazo yakabandikwa chooni, funga bomba ukimaliza, kuna mtu alifikia kupendekeza koki za sensa. Sisi tukaenda saa nane usiku na tochi tukafungua kifuniko cha mita kuu. Jengo tupu, taa zimezimwa, na kile kigurudumu chekundu cha mita kinazunguka taratibu kama saa. Kufuatisha bomba kukatupeleka juu ya paa, kwenye tenki, boya la koki limechoka halifungi, maji yanapanda mpaka bomba la kufurikia na linamwaga moja kwa moja kwenye gata la mvua, kimya kabisa, hakuna sakafu iliyolowa, hakuna mtu wa kulalamika. Maji yaliyonunuliwa, yamepandishwa ghorofani kwa umeme wa pampu, yanaingia kwenye mtaro wa mvua siku ambayo hata wingu hakuna. Mpaka leo nikiambiwa kubana maji ni tabia ya watumiaji nakumbuka yale matangazo ya chooni.

Majengo yenye mfumo mkubwa wa kupooza hewa yana tundu lingine kubwa zaidi nalo halionekani. Mnara wa kupoozea unapoteza maji kwa mvuke, hiyo ndo kazi yake huwezi kuizuia, lakini chumvi inabaki kwenye maji yaliyobaki mpaka yanakuwa makali, ndipo yanamwagwa na kuwekwa mapya. Swali ni unaiacha chumvi ifike mara ngapi ya ile ya maji mapya kabla ya kumwaga. Ukitoka kwenye mara 3 ukafika mara 6, maji unayomwaga yanapungua kwa asilimia 60 na maji mapya unayonunua yanapungua kwa asilimia 20, kwa kurekebisha dawa na kipimo tu, hakuna mfanyakazi hata mmoja aliyeambiwa anawe haraka. Maji ya mvua kwa asili yana chumvi kidogo sana, kwahiyo yakichujwa na kutiwa dawa vizuri mnara unayapenda kuliko ya bomba. Na yale maji yanayodondoka kwenye viyoyozi, masafi, ya baridi, na yanatoka kwa wingi hasa siku ya joto ambayo mnara una kiu, majengo mengi yanayapeleka mtaroni.

Matunzo ndo yanayoua nusu ya hii miradi. Sakafu ya kupitisha maji isiyofyonzwa vumbi inaziba ikawa zege la bei ghali. Bustani ya kunyonya maji inatengenezwa chini kidogo ya usawa wa lami, ndo siri yake yote, maji yatelemke yaingie, na ikitengenezwa vizuri inakauka ndani ya siku mbili, kabla mbu hajamaliza hata nusu ya safari yake. Anakuja mtu wa bustani mwaka wa pili, hakuambiwa kitu, anaona bonde anadhani ni kasoro, analetewa udongo analijaza linakuwa kichuguu kizuri chenye maua. Hakuna aliyekosea kwa makusudi. Kwenye mkataba wake kumeandikwa kata nyasi, pogoa, ondoa magugu.

Lakini kikwazo ambacho sioni kikijadiliwa na hawa wa meme wala na wataalamu ni nani hasa anapokea bili. Paa ni la mwenye jengo, paking ni ya mwenye jengo, mita ya maji mara nyingi iko kwa jina la mpangaji. Tozo ya zege ikiingia, mwenye jengo anaweza kuigawa tu kwa wapangaji kwa mita za mraba na maisha yakaendelea, mpangaji analipia lami ambayo haruhusiwi kuing'oa, na anayeruhusiwa kuing'oa hasikii maumivu. Miji inayofikiria tozo hizi ingeandika waziwazi kwamba bili inaenda kwa mwenye ardhi, na wapangaji wa muda mrefu nao wangedai kwenye mkataba punguzo likipatikana ligawanywe. Lile boya la juu ya paa lilikaa hivyo baada ya sisi kuligundua, si kwa sababu lilikuwa gumu kurekebisha. Tenki ni mali ya mwenye jengo, maji yanalipwa na mpangaji, kila mmoja akawa anasubiri barua ya mwenzake. Mwishowe mlinzi wa usiku alipanda na ngazi akalifunga kwa waya, na asubuhi kigurudumu chekundu kilikuwa kimesimama.